Sushi Tokyo Bila Kubabaika: Vidokezo 9 vya Kula kwa Bei ya Kati

Umefika Tokyo, njaa inauma, na mbele yako pana mlango mdogo wa mbao wenye pazia fupi la kitambaa. Likiwa limetundikwa nje, duka liko wazi. Uingie au upite? Ingia! Migahawa ya namna hii ndiyo raha ya msafiri: si ile ya sahani zinazozunguka kwenye mkanda, wala si ile ya kuwekesha nafasi miezi kabla. Mpishi unamwona kwa macho, samaki ni wazuri, na nauli ya kurudi hotelini inabaki mfukoni. Twende kazi.

1. Nenda mchana
Hii peke yake itakuokolea pesa nyingi kuliko vidokezo vingine vyote. Duka lile lile, mpishi yule yule, lakini seti ya mchana mara nyingi huwa kati ya yeni 2,000 na 4,000, na usiku bei hupanda mara mbili au zaidi. Fika saa tano na nusu asubuhi wanapofungua. Ukichelewa hadi saa nane mchana, wengi wanafunga jiko wajiandae kwa usiku.

2. Udi na marashi vibaki hotelini
Najua, kwetu kutoka bila kunukia ni kama kutoka bila viatu. Lakini sushi huliwa kwa pua pia, na harufu yako inaingia kwenye tonge la jirani. Siku hiyo oga tu, inatosha kabisa.

3. Omba kaunta
Meza ni nzuri kwa familia, ila utamu wenyewe uko kaunta. Tazama mikono ya mpishi: anailowesha, anachota wali wenye siki, anauweka juu ya kipande cha samaki, anaubana mara mbili tatu, anageuza tonge, basi. Wali una uvuguvugu wa kiganja na samaki ana ubaridi kidogo. Hali hiyo haidumu, kwa hiyo tonge likitua mbele yako, lile. Picha moja ya haraka inatosha. Hao wafuasi wako watasubiri!

4. Jifunze herufi mbili tu
Menyu imejaa Kijapani? Usihangaike. Seti nyingi hupangwa kwa madaraja matatu: 並 (nami) ni ya kawaida, 上 (jō) ni bora, na 特上 (tokujō) ni bora zaidi. Ukijua 並 na 上, umemaliza kazi, maana ya tatu ni 上 iliyoongezewa herufi mbele. Mimi nakushauri uanze na jō. Ukishiba vizuri, umepatia. Ukibaki na hamu, ongeza matonge mawili matatu unayoyataka.

5. Tumia mkono, kama nyumbani
Hapa sisi tumeshafuzu! Sushi ya tonge ilikuwa chakula cha vibandani katika jiji la Edo, ndiyo Tokyo ya leo, huko karne ya 19, na kuila kwa mkono ni adabu kamili. Utapewa kitambaa chenye maji ya moto cha kujifutia. Ukipenda vijiti, sawa, ila usivisimamishe kwenye bakuli la wali wala usimpokeze mwenzio chakula kutoka kijiti hadi kijiti. Hayo ni mambo ya msibani.

6. Chovya samaki, si wali
Lilaze tonge ubavu, kisha gusisha ncha ya samaki kwenye sosi ya soya. Ukichovya wali, unanyonya chumvi yote na kumomonyoka vidoleni. Tonge lililokwisha kupakwa sosi na mpishi halichovywi tena. Wasabi nayo huwa imeshawekwa ndani; kama pilipili hiyo ya puani huiwezi, sema mapema "sabi nuki". Na tangawizi ya siki? Hiyo ni ya kusafishia kinywa kati ya samaki mmoja na mwingine.

7. Saba si saba, tai si ndege
Ukisema "saba", mpishi hahesabu chochote: anakuletea vibua, waliotiwa chumvi na siki, watamu ajabu. Ukisikia "tai", tulia, ni samaki mweupe, mtamu bila makelele. Pweza ni "tako", ngisi ni "ika", kamba ni "ebi". Jodari ana daraja zake: "akami" ni mnofu mwekundu, "chūtoro" una mafuta kiasi, "ōtoro" ni tumbo lenyewe, linayeyuka mdomoni na bei yake inakwenda juu. Kwa pesa ya kati, chūtoro moja inatosha kukufanya ufumbe macho. Anza na samaki wepesi, wenye mafuta waje baadaye. Ukikwama, uliza "osusume wa?", yaani leo kizuri ni kipi? Wapishi wanalipenda sana swali hilo.

8. Kama hugusi kileo, uliza kabla
Sosi nyingi za soya za Japani hutiwa alkoholi kidogo, na mirini, mvinyo mtamu wa mchele, huingia kwenye kimanda na kwenye sosi ya mkunga. Hata wali, jiko jingine huuongezea. Andikiwa ombi lako kwa Kijapani kwenye simu ukiwa hotelini, ulionyeshe kabla ya kukaa. Kwenye samaki, omba "shio", chumvi, badala ya sosi. Ngisi mwenye chumvi na ndimu ni utamu wa peke yake.

9. Lipa, shukuru, toka
Sema "okaikei onegaishimasu". Beba noti, maana duka dogo huenda halipokei kadi. Angalia kama bei zina kodi ya asilimia 10 ndani au itaongezwa. Bakshishi haipo, ukiiacha mezani, huenda mtu akakukimbiza barabarani kukurudishia. Ukifika pazia la mlangoni, geuka umwambie mpishi "gochisōsama deshita", asante kwa chakula. Duka zima litakuitikia.