Krismasi hii, anza na namba kumi na moja

*Mimi ni binti wa kwanza kwetu, naishi Tengeru. Kila Desemba huandika kwenye kundi la familia filamu kumi nilizozipenda kuliko zote nilizotazama mwaka huo. Usiku wa Krismasi, ndugu wakishafika wote kwa wazee kule Poli, tunafunga shuka jeupe ukutani na kuangalia ile ya kwanza. Mwaka huu namba moja ni The Empty Grave. Kaka yangu wa Dar amenijibu mbele ya ukoo mzima kwamba Krismasi si matanga, na kwamba anazitaka zile tatu nilizosema zimekosa kidogo tu kuingia kwenye orodha: Hatari!, Queen of Katwe na Who Killed Captain Alex? Nilimjibu vibaya. Sasa hatusalimiani, na mama ameshasikia. Nikimkubalia, orodha yangu itakuwa na maana gani?*

*Msomaji, Tengeru*

Mwanangu, nianze na orodha, maana ndiyo inayokuuma. Usiiguse. The Empty Grave inastahili kukaa pale juu. Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay waliipeleka tamasha la Berlin mwaka 2024, na ndani yake kuna familia ya Mbano kutoka Songea na familia ya Kaaya kutoka huku kwetu Meru, inayotafuta mabaki ya Mangi Lobulu, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Hapo kwenu Poli huenda wapo wazee waliolisikia jina hilo kwa bibi zao. Ukiwawekea filamu hiyo usiku wa Krismasi, watoto wakikimbizana na mashemeji wakiitana nje kwenye nyama, utakuwa umeivunjia heshima filamu uliyokusudia kuiheshimu.

Kwa hiyo kaka yako amesema kweli kwa maneno mabaya. Isogeze hadi tarehe 27, mchana, wageni wa soda wakiwa wamepungua. Mwombe baba ruhusa kwanza, umweleze inahusu nini. Wakae wanaotaka tu. Ikiisha, usiwashe kitu kingine, kwa sababu wazee watakuwa na ya kusema, na vijana wa Dar hawajawahi kuyasikia.

Sasa zile tatu. Filamu inayokosa orodha kwa nafasi moja au mbili huwa na kasoro unayoweza kuinyooshea kidole. Uliifurahia, ukacheka peke yako sebuleni, halafu uliposhika kalamu ukaanza kuihukumu: hii ndefu mno, hii inatabirika, hii imetengenezwa kwa vijisenti. Umesema kweli, ila kwa Poli usiku ule unahitaji filamu ambayo shangazi akitoka kwenda kugeuza ndizi jikoni, akirudi hajapotea. Unahitaji filamu ya mtoto wa miaka sita na babu yake kwa wakati mmoja. Ile namba moja yako haiwezi kazi hiyo, na haikutengenezwa kwa ajili yake.

Halafu, ukimpendekezea mtu filamu ya aina hii, taja kasoro yake kwanza. Aliyeambiwa mapema kwamba hadithi ni nyepesi hakai akisubiri hadithi. Anatazama kilichopo, na kilichopo ni kingi.

Ningeanza na Hatari!, na hapa nitakaa kidogo. Howard Hawks alikuja Tanganyika na John Wayne, wakapigia picha Momella, upande ule mwingine wa mlima wenu, na filamu ikatoka mwaka 1962. Kisa chake ni hiki: kundi la wageni linakamata wanyama wa kupeleka kwenye bustani za wanyama ng'ambo, mpiga picha mwanamke aitwaye Dallas anafika, mapenzi yanaanza. Inachukua saa mbili na dakika 37. Lakini tazama zile dakika za mwanzo, gari likikimbizana na kifaru bega kwa bega mpaka pembe inamfikia mtu mguuni. Hakuna ujanja wa kompyuta pale. Vumbi ni la kweli, kifaru ni wa kweli, na waigizaji wenyewe wako juu ya magari. Russell Harlan, aliyeshika kamera, aliteuliwa kuwania Oscar, akashindwa na Lawrence of Arabia, kwa hiyo hata enzi zake filamu hii ilikosa kidogo. Wajukuu waambie wasubiri mambo mawili: roketi ya kurushia wavu juu ya mti uliojaa tumbili, na ndama wa tembo wanaomfuata Dallas mitaani Arusha hadi ndani ya hoteli. Mjerumani Hardy Krüger, mmoja wa waigizaji, aliipenda Momella hata akanunua shamba pale na kuishi miaka mingi.

Kasoro yake nyingine usiifiche pia. Waafrika wa filamu hii wanashika kamba na kusaidia kazi, hawana kisa chao wenyewe. Nchi inaonekana tupu, ilhali pale jirani, Ngare Nanyuki, Wameru walifukuzwa kwenye ardhi yao mwaka 1951, na Kirilo Japhet akaenda kuwasemea Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata. Kamera za Hawks zilifika hata miaka kumi haijapita. Na kifaru hayupo tena katika Hifadhi ya Arusha. Mwache baba ayaseme haya filamu ikiendelea. Mzee aliyeijua Momella ya miaka ile ana haki ya kuongea juu ya sauti ya John Wayne, na mimi napenda filamu inayovumilia maongezi.

Queen of Katwe ya Mira Nair (2016) umeiacha kwa kuwa mwisho wake unajulikana tangu mwanzo: binti wa Katwe, Kampala, anajifunza sataranji na anafika mbali. Sawa, inatabirika. Lakini Lupita Nyong'o akiwa mama anayekataa kumpoteza mtoto wake atamnyamazisha kila mama aliyeko ukumbini. Mkiifungua, msiizime majina yanapoanza kupanda, kwani waigizaji wanatokea wakiwa wamesimama na watu halisi waliowaigiza. Mwite mama yako mapema aje akae mbele.

Who Killed Captain Alex? ni ya vijana, saa nne usiku, wazee wakishalala. Nabwana I.G.G. aliitengeneza Wakaliga, Kampala, mwaka 2010 kwa pesa ya mboga, na juu ya sauti za waigizaji kuna mtangazaji anayepiga kelele, anatania na kusifia kila ngumi. Waliokulia kwenye mabanda ya video, kwenye sinema za kutafsiriwa, watakuwa nyumbani kabisa. Zimeni sauti robo saa, kaka yako achukue maiki atafsiri mwenyewe kwa Kiswahili.

Naongeza moja ambayo hukuitaja, kwa ajili ya wale watakaolalamika kuhusu Kiingereza: Kiumeni ya Nicholas Marwa (2017), mapenzi ya kijana wa uswahilini na binti wa wenye nazo jijini Dar. Si kubwa, lakini inapendeza, na shangazi atafuata kila neno.

Kaka yako mpigie simu. Usimwandikie kundini, maana kule mtu hujibu akijua anasomwa na ukoo mzima. Anza na samahani yako, ya kwake itakuja. Mwambie projekta ni kazi yake, na jenereta iwe na mafuta ya kutosha, umeme wa sikukuu mnaujua. Hatari! iwekeni saa moja jioni, muikate katikati, watu wale loshoro, muendelee. Kisha urudi kundini, na chini ya namba kumi uongeze namba kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu, kila moja na kasoro yake na mtu wake. Kwa mfano: "Hatari!, ndefu, kisa chepesi, ya baba na wajukuu."