Vichujio vya Hewa vya Magari ya Kasi: Kupima Kinachopita

Injini ya petroli hula hewa nyingi kuliko petroli. Ili petroli iungue sawasawa, kila kilo 1 yake huhitaji kilo 14.7 za hewa. Lita 1 ya petroli ina uzito wa kilo 0.74 hivi, basi huhitaji karibu kilo 11 za hewa. Na kwa kuwa mita 1 ya ujazo ya hewa ya pwani ina uzito wa kilo 1.2, lita hiyo moja humeza mita za ujazo 9, yaani lita 9,000. Gari litumialo lita 10 kwa kila kilomita 100 litakuwa limevuta mita za ujazo 9,000 kabla ya kutimiza kilomita 10,000.

Hewa hiyo haiji peke yake. Ikichukuliwa kwamba kila mita ya ujazo ya hewa ya barabara ya udongo ina miligramu 10 za vumbi, kiasi ambacho gari lifuatalo lori hukipita kwa mbali, basi katika safari hizo zitavutwa gramu 90 za vumbi. Sehemu kubwa ya vumbi la barabara ni kwatzi, madini yaleyale yafanyayo mchanga. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs kwatzi ni 7, hali chuma cha kawaida ni 4 hadi 5. Kwa hiyo chembe ya kwatzi ikiingia baina ya ringi ya pistoni na ukuta wa silinda hukwaruza chuma kama msasa. Chembe zidhuruzo zaidi ni zile zinazolingana na unene wa utando wa oili au kuuzidi kidogo, yaani za mikroni chache hadi mikroni 20 hivi. Iliyo ndogo kuliko utando huo huelea ndani ya oili bila kugusa kuta mbili kwa pamoja. (Mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita.)

Kazi ya kichujio, ambacho mafundi wa gereji hukiita eakilina, ni kuzuia chembe hizo na wakati huohuo kuiachia injini ipumue. Mahitaji haya mawili huvutana, na katika mvutano huo ndimo biashara ya vichujio vya magari ya kasi ilimozaliwa.

Gari hutoka kiwandani na kichujio cha karatasi iliyokunjwa-kunjwa. Mwenye gari la kasi hushawishiwa akitoe na kununua kingine, aghalabu cha tabaka za shashi ya pamba zilizoloweshwa oili na kushikwa baina ya nyavu za waya, au cha sponji. Cha pamba kilienea kutoka California, ambako kampuni ya K&N ilianzishwa mwaka 1969. Huelezwa kwamba kinapitisha hewa kwa wepesi, huongeza nguvu, na huoshwa na kutumika tena miaka mingi. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi, na mwanafunzi wa fizikia ana uwezo wa kuyapima.

Jambo la kwanza ni namna kichujio kinavyokamata. Wengi hudhani kwamba hufanya kazi kama chekeche: tundu dogo, chembe kubwa, basi. Chekeche lipo, lakini ni sehemu tu ya habari. Hewa inapozunguka uzi, chembe nzito haiwezi kukata kona upesi. Hali yake ya kuendelea na mwendo huipeleka moja kwa moja ikagonga uzi na kunasa. Chembe ya kadiri hufuata mkondo wa hewa, ila kwa kuwa ina unene wake, hupapasa uzi inapopita karibu. Chembe ndogo sana husukwasukwa na molekuli za hewa huku na huko, hata ikauparamia uzi kwa bahati. Baina ya njia hizi pana pengo: chembe za mikroni 0.3 hivi ni nyepesi mno kwa njia ya kwanza na kubwa mno kwa ile ya mwisho, nazo ndizo zipenyazo kwa urahisi kuliko zote. Kwa mapafu ya binadamu hilo ni balaa. Kwa silinda si kitu kikubwa, kwa sababu iliyokwisha tajwa ya utando wa oili.

Oili katika pamba ina kazi yake ya kweli. Chembe inayogonga uzi mkavu kwa kasi huweza kudunda ikaendelea na safari. Ikigonga uzi wenye oili hunata. Kichujio cha pamba kilichokauka kwa kukosa oili kimebaki wavu tu.

Jambo la pili ni eneo. Karatasi yenye mikunjo 100, kila mkunjo ukiwa na kina cha sentimita 3 na upana wa sentimita 20, ikikunjuliwa hutoa mita 1.2 za mraba. Injini ya lita 2 ya mipigo minne, ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hujaza silinda zake mara 3,000 kwa dakika. Ukiondoa upungufu wa ujazaji, huvuta kama lita 85 kwa sekunde. Gawanya hizo kwa eneo la karatasi: hewa hupita kwa mwendo wa sentimita 7 tu kwa sekunde. Kichujio cha umbo la pia, kama kile ambacho vijana hupenda kukifunga wazi ndani ya boneti, kikiwa na mita 0.1 ya mraba, hulazimika kupitisha hewa hiyohiyo kwa mwendo wa sentimita 85 kwa sekunde. Ili upinzani wake ubaki mdogo, hapana budi utando wake uwe na matundu makubwa zaidi. Hapo ndipo uhuru wa pumzi unapolipiwa.

Sasa, ni nguvu kiasi gani inayopatikana? Ikichukuliwa kwamba kichujio cha karatasi kikiwa safi hupunguza kanieneo la hewa kwa kilopaskali 2 injini inapovuta kwa nguvu zote, na kile cha pamba hupunguza kilopaskali 1, basi faida ni kilopaskali 1 katika 100, yaani asilimia 1 ya hewa. Dereva hawezi kuitambua. Gari hilohilo likipanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, ambako kanieneo la hewa ni kilopaskali 83 hivi, litakuwa limepoteza karibu mara 18 ya faida hiyo kwa kupanda mlima tu. Tena, kichujio kilichofungwa wazi karibu na injini huvuta hewa ya moto. Hewa ya nyuzi 50 za Selsiasi ni nyepesi kwa asilimia 6 kuliko ya nyuzi 30. Basi huenda mtu akanunua asilimia 1 na kulipa 6. Kinachoongezeka bila shaka ni mngurumo, na sikio hulidanganya bega kwamba gari limechangamka.

Vichujio hupimwaje? Kiwango kinachotumika duniani ni ISO 5011. Hewa hupitishwa katika kichujio kwa kipimo maalumu, na vumbi lililopimwa uzito humwagwa ndani yake kidogo kidogo. Nyuma huwekwa kichujio kingine kizito, ambacho kazi yake ni kunasa kila kilichoponyoka. Mwishoni vyote hupimwa kwa mizani. Vumbi lenyewe si la kuokotwa popote. Zamani lilitoka Arizona, Marekani, na sasa madaraja yake yamewekwa katika kiwango cha ISO 12103-1: A2 ni laini, A4 ni la chembe kubwa zaidi. Asiyetaja daraja la vumbi alilotumia hajasema kitu, maana kichujio kilekile huonekana bora zaidi kwa vumbi la chembe kubwa.

Mizani nayo ina hila. Chembe ya mikroni 10 ina uzito sawa na chembe 1,000 za mikroni 1, kwa sababu uzito hufuata kipenyo kwa mchemraba. Kichujio kinaweza kukamata asilimia 99 ya uzito huku kikiachia umati mkubwa wa chembe ndogo ambazo mizani haikuzihisi.

Lakini hila iliyo kubwa kuliko zote imo katika kusoma tarakimu yenyewe. Kichujio kimoja kina ufanisi wa asilimia 99, kingine 97. Mnunuzi husema tofauti ni ndogo, 2 tu. Injini haijali kilichozuiwa, inajali kilichopita. Cha kwanza kimepitisha asilimia 1, cha pili 3. Katika zile gramu 90, kimoja huachia gramu 0.9, kingine gramu 2.7, mara tatu. Na gramu 0.9 si ndogo: kama chembe zote zingekuwa mviringo za mikroni 10, zingekuwa zaidi ya milioni 600. Walimu wa hesabu wanaotafuta mfano wa asilimia unaohusu maisha hawatapata ulio bora kuliko huu.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba ufanisi haukai mahali pamoja. Kichujio kipya ndicho kibovu kuliko vyote. Vumbi la kwanza likishanasa, lenyewe hugeuka kuwa chujio na kuziba matundu, hata ufanisi hupanda na upinzani pia. Ndiyo sababu mtu anayekung'uta eakilina kila wiki hujidhuru, na anayeipuliza karatasi kwa upepo wa kompresa hujidhuru zaidi, kwani huitoboa. Kichujio cha pamba huoshwa, hivyo kila baada ya kuoshwa hurudi kwenye udhaifu wake wa mwanzo. Akizidisha oili, mwoshaji huleta shida nyingine katika magari yenye kipimo cha hewa cha waya wa moto: oili ikivutwa hadi kwenye waya huufunika, na kompyuta ya injini hupewa habari za uongo.

Kuna kosa moja la gereji linalofuta hesabu zote hizi, nalo ni mwanya. Ichukuliwe mpira wa kichujio umejikunja, ukaacha upenyo wa urefu wa sentimita 2 na upana wa milimita 1. Tofauti ya kanieneo ya kilopaskali 2 huisukuma hewa katika upenyo huo kwa kasi ya mita 58 kwa sekunde. Kwa kuwa mkondo hujikaza unapoingia, huhesabiwa kama asilimia 60 ya eneo. Jibu ni lita 0.7 kwa sekunde, au asilimia 0.8 ya hewa yote, isiyochujwa kabisa. Kichujio cha asilimia 99 kimeshushwa hadi karibu 98 na ufa usioonekana kwa macho. Na kadiri kichujio kinavyozidi kuchafuka, ndivyo ufa unavyovuta zaidi. Vichujio vya kununua nje ya kiwanda, ambavyo mara nyingi hukazwa kwa bangili ya chuma juu ya bomba lisilolingana navyo sawasawa, ndivyo hasa vya kuangaliwa.

Je, magari ya mashindano? Katika viwanja vya lami vya Ulaya magari mengi ya zamani yalikimbia bila kichujio, yakiwa na matarumbeta wazi juu ya karabureta, kwani injini ilifunguliwa na kutengenezwa upya kila baada ya mashindano machache. Hali haikuwa hiyo Afrika Mashariki. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikimbiwa katika vumbi la maelfu ya kilomita, na Datsun 240Z, gari la kasi kwelikweli, ililishinda mwaka 1971 na tena 1973. Hapo aliyeshinda ni yule ambaye injini yake ilifika.

Mwenye shaka kuhusu kichujio chake asitegemee sifa za dukani. Oili iliyotumika ikipelekwa maabara hupimwa madini yaliyomo. Silikoni ikipanda pamoja na chuma, vumbi limeingia na silinda zinalika. Silikoni ikipanda peke yake, yawezekana imetoka kwenye gundi ya gasketi iliyopakwa karibuni.

Shuleni, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukikunjwa umbo la U na kutiwa maji ya rangi, hutosha kupima upinzani: ncha moja huunganishwa na bomba nyuma ya kichujio, ya pili huachwa wazi. Sentimita 10 za tofauti ya maji ni karibu kilopaskali 1. Kipimo kikifanywa gari likiwa limesimama, maji yatasogea kidogo sana hata kama kichujio ni kichafu, kwa sababu injini isiyo na mzigo huvuta hewa kidogo. Wanafunzi waeleze jambo hilo, kisha wakokotoe: kama maji yametofautiana sentimita 25 gari likipanda mlima kwa nguvu zote, ule ufa wa sentimita 2 kwa milimita 1 utapitisha lita ngapi za hewa chafu kwa sekunde?