Roboti na Adabu ya Kupeana Vitu

Muhula uliopita, katika chumba cha sayansi, nilimpa mwenzangu bilauri huku nimegeuza uso kutazama ubaoni. Yeye alidhani bado naishika. Mimi nilidhani amekwisha kuipokea. Ikaanguka, ikavunjika. Mwalimu hakunikaripia sana. Aliniambia kwamba jambo hilo hilo limewashughulisha mabingwa wanaotengeneza roboti, akanitaka nilisome, kisha niwaeleze wenzangu. Haya ndiyo niliyojifunza.

Roboti ni mtambo unaofanya kazi kwa kufuata maagizo uliyowekewa. Roboti nyingi za viwandani hufanya kazi ndani ya uzio, mbali na watu. Lakini roboti ya kumhudumia mgonjwa au mzee hukaa karibu naye, tena yapasa ijue kumpa kitu mkononi. Kupeana huko sisi twakufanya kila siku bila ya kusema neno. Je, mtambo utafanyaje?

Jambo la kwanza ni macho. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Roboti iitwayo PR2, yenye mikono miwili na kichwa kinachogeuka, iliwapa watu 102 chupa za maji. Pengine kichwa chake hakikuelekea kwenye chupa wala kwa mtu. Pengine kilielekea pale chupa itakapopokelewa. Ilionekana kwamba kichwa kilipoelekea pale, watu walinyosha mikono mapema zaidi. Basi kichwa kilikuwa kimekwisha kuwaambia, "Pokea hapa."

Jambo la pili ni vidole. Mwaka 2012 wataalamu wa chuo hicho hicho walieleza jinsi walivyopima nguvu za vidole vya watu wanaopeana kitu. Kadiri mpokeaji alivyouchukua uzito, ndivyo mtoaji alivyolegeza vidole. Walakini hakuachia kabisa mpaka uzito wote ulipokwisha kuhamia kwa mwenzake. Maana yake ni kwamba mtoaji ndiye mlinzi wa kitu hata dakika ya mwisho. Roboti nayo yaweza kufundishwa kanuni hii: hupima uzito uliobaki mkononi mwake, ikalegeza vidole kidogo kidogo. Ikiachia upesi, kitu huanguka. Ikichelewa, mtu huvutana nayo.

Niliposoma haya nilitambua kwamba siku ile nilikosa mara mbili, kwa macho na kwa vidole. Sasa nikimpa mtu kitu, hutazama pale mikono yetu itakapokutana, wala siachii mpaka nisikie uzito umeniondoka.

Wazee wetu hutukataza kumpa mtu kitu huku tumegeuza uso. Mimi nilidhani ni heshima tu. Kumbe adabu hiyo pia huokoa bilauri.