Sifuri Nayo ni Taarifa: Somo kutoka kwa Waangalizi wa Kaa

Meli inapomwaga bandarini maji ya kusawazishia uzito, huenda ikamwaga pia mabuu ya viumbe vya bahari ya mbali. Wengi hufa. Wachache wakistawi na kuwadhuru wenyeji, huitwa viumbe vamizi, na hasara humwangukia mvuvi.

Kaa kijani wa Ulaya ni mfano ulio wazi. Aliingia pwani ya mashariki ya Marekani katika karne ya 19, kisha akaonekana San Francisco mwaka 1989. Hula kombe na chaza wachanga, na achimbapo huharibu nyasi za bahari ambamo samaki hukulia.

Katika jimbo la Washington, mpango uitwao Crab Team ulianza mwaka 2015 kwa kuwafunza wakazi wanaojitolea. Kila mwezi, tangu Aprili hadi Septemba, hutega mitego sita yenye chambo cha samaki na kuilaza usiku kucha. Asubuhi huhesabu kila kiumbe kilichonaswa, kisha hukagua ufukwe wakiokota magamba ya kaa waliojivua. Hawategemei rangi, kwa kuwa kaa huyo aweza kuwa mwekundu au wa manjano. Huhesabu meno ya gamba: matano nje ya kila jicho.

Mara nyingi daftari huandikwa sifuri. Hata hivyo, sifuri iliyoandikwa kwa uaminifu ndiyo inayomtambulisha mgeni siku anapofika. Mwezi Agosti 2016, waliojitolea walimnasa kaa kijani wa kwanza katika maji ya ndani ya jimbo hilo, kwenye kisiwa cha San Juan, na wataalamu wakafuata upesi kwa mitego zaidi. Kazi haikuishia hapo: mwaka 2021 zaidi ya kaa 70,000 waliondolewa katika bwawa la bahari la watu wa Lummi, na Januari 2022 gavana akatangaza hali ya dharura.

Bandari za Tanga, Dar es Salaam na Mtwara nazo hupokea meli za mbali. Vikundi vya BMU na akina mama waokotao kombe maji yakupwapo huujua ufukwe kuliko mgeni yeyote. Anayeona kiumbe asichokitambua asikimbilie kukiua, maana huenda ni mwenyeji, wala asikihamishe kikiwa hai. Akipige picha kando ya sarafu, aandike mahali na tarehe, ampelekee afisa uvuvi. Na asipoona kitu, aandike hivyo pia.