Masomo tisa hayamfanyi mtu daktari

Mwanafunzi wa Keringet anayetamani udaktari huambiwa asajili masomo tisa ya KCSE, eti ndipo chuo kimtambue. Hesabu haiko hivyo. Tangu mtihani wa 2023, gredi ya wastani hutokana na masomo saba: Hisabati, Kiingereza au Kiswahili, na mengine matano aliyofanya vyema zaidi. Kisha hutazamwa manne ya udaktari: Bayolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Bayolojia na Kemia hazina mbadala. Somo la nane ni akiba tu. La tisa hula saa za maabara. Mzazi, mwanao akipunguza, asiache Fizikia. Katika yale manne, Hisabati ikiteleza, Fizikia ndiyo hushika nafasi yake.