Kazi na Riziki ya Msanii: Mfano wa Siti binti Saad

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa sanaa za Kiswahili, neno kipaji limetwishwa mzigo mkubwa kuliko linavyostahili. Mwimbaji anapotajwa husifiwa sauti yake, kana kwamba sauti hiyo ndiyo iliyomlisha na kumvisha bila ya yeye kuinua mkono. Makala haya yanadai kwamba msamiati huo wa sifa unaificha kazi, na kwamba mtafiti anayetaka kuelewa jinsi taarab ya Kiswahili ilivyokua hana budi kuuliza swali la kawaida kabisa: msanii alikula nini, na alikipataje? Mfano unaochunguzwa ni wa Siti binti Saad (takriban 1880-1950), ambaye maisha yake yanafahamika zaidi kupitia Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, uliochapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958.

2.0 Kutoka Kunadi Vyungu hadi Kuimba

Siti alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Unguja, katika ukoo wenye asili ya utumwa. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, lakini kufutwa kwake hakukuwapa walioachwa huru ardhi wala mtaji. Mamaye alifinyanga vyungu, naye binti akavibeba kwa miguu hadi mjini kuvinadi. Simulizi husema kwamba sauti yake ilijulikana kwanza kwa kunadi huko. Simulizi hii haifai kuchukuliwa kuwa pambo tu la wasifu. Mchuuzi wa vyungu hujifunza mambo ambayo mwimbaji atayahitaji baadaye: kupaza sauti bila ya kuichosha, kuusoma uso wa mteja, kujua mlango upi ubishwe hodi na saa ipi.

Hata hivyo, mafunzo ya barabarani hayakutosha. Siti alipohamia mjini, yapata mwaka 1911, taarab ilikuwa bado muziki wa wakubwa. Ilikuwa imekuzwa katika kasri wakati wa Sultani Barghash (1870-1888), na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Chama cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume. Mwanamke wa shamba, asiyejua kusoma wala kuandika, hakuwa na nafasi aliyoandaliwa humo. Alifundishwa na Muhsin Ali, na kwa kuwa hakuweza kutegemea maandishi, kila ubeti aliupokea kwa sikio na kuuhifadhi moyoni. Kuimba kwa lugha ambayo si ya mama, mbele ya wasikilizaji wanaoijua barabara, ni kazi inayodai usahihi wa matamshi, urefu wa irabu na mahali pa kuvuta pumzi. Kosa dogo huchekwa pale pale. Masimulizi mengi ya maisha yake hupita mbio hapa, nayo miezi ya kurudia na kusahihishwa ikafupishwa kuwa sentensi moja. Na mwanafunzi aliyejifunza uimbaji alikuwa angali na tumbo la kulisha.

Baada ya hapo kundi likapatikana. Miongoni mwa waliofanya kazi naye walikuwamo Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mbaruku Effandi Talsam na Maalim Shaaban. Walikutana nyumbani kwake Ng'ambo, na habari za mji zikageuzwa nyimbo za Kiswahili. Wimbo wa "Kijiti", unaotokana na kesi ya mauaji ya mwanamke, ni ushahidi mzuri wa utaratibu huo: tukio lilisikika mitaani, likajadiliwa, likatiwa vina na mizani, likatafutiwa mahadhi, kisha likafanyiwa mazoezi. Kwa hiyo kumwita Siti mtunzi pekee, kama wafanyavyo baadhi ya wasifiaji, ni kuwanyima wenzake ujira wa jina.

3.0 Sahani za Santuri

Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari kwenda Bombay, wakarekodi chini ya alama ya His Master's Voice. Safari hiyo hutajwa kama kilele cha umaarufu, nayo ni kweli. Lakini kwa upande wa kazi ilileta masharti mapya. Upande mmoja wa sahani ya wakati ule ulichukua dakika tatu hivi. Wimbo uliozoea kurefushwa kwa kadiri ya hamu ya wasikilizaji ulipaswa kukatwa, au kugawanywa pande mbili, bila ya kisa kupotea. Aidha, barazani mwimbaji huonana na wasikilizaji wake, nao humtunza papo hapo wanapofurahi. Sahani huimba Mombasa na Dar es Salaam mara mia, ilhali mwimbaji ameimba mara moja tu. Wingi wa sahani zilizouzwa, basi, haufai kusomwa kama kipimo cha utajiri wa aliyeimba.

Inafaa kukumbuka pia kwamba mwandishi wa wasifu wenyewe hakuishi kwa kalamu. Shaaban Robert aliingia katika idara ya forodha mwaka 1926, akabaki mtumishi wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Pengine ndiyo sababu anaandika kwa heshima kubwa juu ya subira ya Siti kuliko juu ya fedha zake.

Hali hiyo haikuisha na kizazi hicho. Fatma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alitunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005; lakini katika maisha yake marefu uimbaji wa taarab uliandamana na upigaji wa ngoma za unyago na utengenezaji wa hina na wanja. Uhakiki wa nyimbo zake umeanza kupata wahakiki. Hesabu ya hina na wanja bado haijafanywa sehemu ya uhakiki huo.