Simsim na Mtoto Ambaye Mwili Wake Waikataa

Wakulima wetu wa skimu, wa Mpeketoni na wa huku bara, hawana haja ya kufundishwa simsim ni kitu gani. Mnaipanda, mnaipepeta, na uzito wake mnaujua kwa mkono. Somo la mwezi huu si la kupanda wala la kuuza. Ni habari ya ule mfuko mdogo ambao mama huufunga akampelekea binti yake anayekaa Kangemi au Kawangware, kusudi wajukuu wapate nguvu.

Kwa watoto karibu wote zawadi hiyo ni njema, maana simsim ina mafuta, protini na madini ya chuma. Lakini wako wachache ambao mwili wao huikataa, na kukataa huko kwaweza kuua. Madaktari huuita ugonjwa huu mzio. Watu wa mjini husema aleji. Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwa mtoto mwenye mzio, askari hao huiona protini ya simsim kuwa ni adui, wakaanza vita, na vita hivyo ndivyo vinavyomdhuru mtoto. Si uchawi, si kijicho, wala si uchafu wa jiko la mama yake.

Mimi nakaa Kangemi, na jirani yangu mmoja ana binti. Mtoto huyo alipokuwa na mwaka mmoja hivi, bibi yake alileta simsim kutoka shamba. Mama akaipeleka kwenye mashine ya posho, ikasagwa pamoja na wimbi na mtama kuwa unga wa uji. Siku ya kwanza mtoto alitokwa na vipele shingoni, vikapotea kabla ya jua kutua. Watu wakasema ni joto. Siku chache baadaye akapewa tena, na kikombe hakijaisha midomo ikavimba, akatapika, akaanza kikohozi kikavu. Mmoja alisema ni malaria. Mwingine alileta maziwa, ati yaue sumu. Yule mama hakungoja maziwa. Alimbeba mbio mpaka kwenye kituo cha afya, akachomwa sindano ya adrenalini pajani, na baada ya muda mfupi pumzi ikarudi. Sasa binti huyo yu shuleni, tena ni mtundu.

Basi, wazazi, jambo la kwanza ni kutazama saa. Mzio wa simsim huja upesi: mara nyingi katika dakika chache baada ya kula, na kwa kawaida kabla ya saa mbili kupita. Malaria haina habari na kile alichokula mtoto, nayo huja na homa. Mzio hauleti homa. Surua hutanguliwa na homa, mafua na macho mekundu kwa siku kadhaa, na vipele vyake hukaa siku nyingi. Vipele vya mzio huinuka kama vya mtu aliyeguswa na upupu, huwasha sana, huhama toka mahali hata mahali, na vyaweza kutoweka baada ya saa chache. Chakula kilichooza nacho mara nyingi huwaumiza wengi waliokula chungu kimoja, lakini mzio humchagua mmoja.

Vitabu vingi husema tazama wekundu wa ngozi. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo haupatikani kwa urahisi, hata kwa taa nzuri. Pitisha kiganja chako mgongoni na tumboni mwa mtoto, utahisi uvimbe. Tazama midomo, kope za macho na masikio. Mtoto asiyejua kusema hujikuna, husugua ulimi, hukataa kumeza, au hulia kwa sauti iliyobadilika.

Vipele peke yake, mtoto akiwa anacheza, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo, na msimwache peke yake hata dakika moja. Lakini ulimi ukivimba, sauti ikikwaruza, kifua kikilia kama filimbi, au mtoto akilegea na kuwa baridi, hiyo ni hatari kubwa, hata kama ngozi ni safi. Kadhalika vipele vikifuatana na kutapika tena na tena. Hapo dawa ni adrenalini, ambayo huchomwa upande wa nje wa paja. Dawa ya maji ya kuzuia mwasho hutuliza ngozi tu, haifungui koo. Msimlazimishe kutapika, wala msimnyweshe maziwa au mafuta. Mlazeni chali, miguu iinuliwe. Akipumua kwa shida mwacheni aketi. Akitapika au akizimia mlazeni ubavu. Asitembezwe.

Pigeni simu 999 au 112, lakini gari la jirani likiwapo, msikae kungoja. Ye yote anayeijua Naivasha Road saa ya jioni, magari yakiwa yamesimama mpaka Dagoretti Corner, atanielewa nikisema msikimbilie Hospitali ya Kenyatta mkipita kituo cha karibu chenye adrenalini. Ni vizuri kuuliza mapema, siku ya amani, kituo kipi kinayo. Na hata mtoto akipata nafuu, akae chini ya macho ya wauguzi kwa saa kadhaa, kwa kuwa dalili zaweza kurudi mara ya pili.

Sasa, simsim hujificha wapi mjini? Ile iliyonyunyizwa juu ya mkate wa baga huonekana, na vidonge vya simsim na sukari vinavyouzwa kwenye vituo vya magari kila mtu avijua. Iliyosagwa ndiyo mbaya zaidi, maana punje nzima yaweza kupita tumboni bila kuvunjika, lakini ikisagwa protini yote hutoka. Unga wa uji wa kuchanganya una nafaka, soya, njugu, omena, na mara nyingine simsim, na mwenye mashine haandiki kitu juu ya mfuko. Tena mashine iliyosaga simsim ya mtu aliyetangulia hubakiza vumbi lake katika unga wako. Mafuta ya simsim yaliyokamuliwa tu bila kusafishwa nayo yana protini. Majina pia ni mengi: ufuta, nyim kwa Waluo, til katika maduka ya Wahindi, na kwenye karatasi za madukani sesame au tahini. Huko Marekani sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023 yalazimisha kila kiwanda kuitaja. Baadhi ya waoka mikate, badala ya kusafisha mashine zao, wakaona heri waitie simsim makusudi na kuiandika.

Mtoto aliyekwisha kuonyesha dalili asijaribiwe tena nyumbani, hata kwa punje moja. Hospitalini wako madaktari wanaoweza kumpima kwa tone juu ya ngozi ya mkono, na wengine huja kuuacha mzio huu wanapokua, ingawa wengi hubaki nao.

Nanyi mlio shambani, mnapofunga mfuko ule, tieni ndani karatasi yenye neno SIMSIM kwa herufi kubwa. Kama mmeichanganya na njugu, andikeni na njugu.